Maabara tunayompimia mama CEA hapa Moshi: wako vizuri, mapokezi ndo warekebishe

Jina naliacha maana kuna lawama ntaitoa chini, ila ni maabara ndogo ya ghorofani hapa mjini Moshi. Mama alikatwa kipande cha utumbo mpana kwa ajili ya saratani na toka hapo daktari anataka apimwe CEA kila miezi mitatu. Hii CEA ni protini ambayo uvimbe unaimwaga kwenye damu, iligunduliwa Kanada mwaka 1965, na kwa asiyevuta sigara kawaida inakuwa chini ya 5. Kabla ya upasuaji mama alikuwa na 18, daktari akasema ikiwa juu hivyo kabla ya kukatwa uwezekano wa ugonjwa kurudi unakuwa mkubwa zaidi, tuombe ishuke. Ikashuka mpaka 2.2, tukashukuru Mungu.

Sasa zamu iliyofuata mama alikuwa Arusha kwa dada, wakampimia hukohuko, ikatoka 4.1. Usiku ule hatukulala jamani.

Tuliporudi Moshi kaka wa maabara akazilaza karatasi zote mbili mezani akanionyesha kwa kidole, chini kabisa kwa maandishi madogo, jina la mashine. "Dada, hizi mashine mbili tofauti, usilinganishe namba zake. Chagueni sehemu moja mbaki nayo." Akamtoa mama damu upya, 2.3. Machozi yalinitoka palepale.

Kilichonifanya niwaamini kabisa ni baba mmoja aliyekuwa kwenye benchi, anapata choo chenye damu, hela anayo mkononi anataka apimwe CEA ajue kama ana saratani. Kaka akakataa hela yake, akamwambia baba hiki kipimo kinaweza kutoka kizuri na uvimbe ukawepo, nenda hospitali wakuangalie utumbo kwa kamera. Wangapi wangefanya hivyo?

Mapokezi sasa. Dada anaita "mgonjwa wa kansa ya utumbo!" ukumbi mzima unageuka, mama aliinamisha kichwa akajifunika kanga mpaka usoni, iliniuma sana. Ana jina, aitwe kwa jina. Majibu nayo waliahidi saa nne tukayapata saa kumi.

Tutarudi hapohapo tena mwezi wa tatu. Mwenye mgonjwa dhaifu aje na mtu wa kumshika mkono, zile ngazi hazina pa kushikilia.