Miaka minne na sola mjini Marsabit: jua lipo, lakini ukungu nao upo

Nilipokwenda kununua sola mwezi wa nne 2021, muuzaji aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Marsabit, akacheka. "Mama, huko kwenu jua linamwagika bure. Hizi mbili zitakutosha na zitabaki." Akapiga hesabu nyuma ya risiti: paneli mbili za wati 200, mara saa sita za jua, toa kidogo kinachopotea njiani, unabaki na karibu wati-saa 1,800 kwa siku. Matumizi yangu hayafiki 1,000. Ningebisha vipi?

Nilitoka na paneli mbili, betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 200, kontrola ya ampea 30 (inayosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri), inveta ya wati 1,000 (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima) na friji ndogo ya lita 100 ya DC, yaani inayotumia umeme wa betri moja kwa moja. Pamoja na fundi na nauli ya mizigo nilitumia kama shilingi 150,000. Ndani yake kulikuwa na VAT ya asilimia 16, maana msamaha wa vifaa vya sola uliondolewa 2020. Ulirudishwa Julai 2021. Mimi nilikuwa nimeshanunua. Basi.

Kazi ya friji ni maziwa ya ngamia. Yanakuja asubuhi kwenye jerikeni kutoka fora, yaani kambi za mifugo za mbali, nayachemsha, nayauza dukani pamoja na soda na maji baridi. Stima ya mji wakati huo ilikuwa ya jenereta za dizeli, na ikipotea usiku maziwa hayakusubiri mtu. (Nguzo za umeme mkubwa tunaziona, lakini si za kwetu. Laini ya volti 500,000 kutoka Ethiopia inakatiza kaunti yetu kwenda kituo cha umeme cha Suswa, kusini kabisa, na mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, iliyo kaunti hii hii, nayo inapeleka stima yake huko huko Suswa.)

Sasa jambo ambalo muuzaji hakuuliza, na mimi sikujua kama lina maana, ni kwamba mji wetu uko juu ya mlima. Mlima Marsabit umesimama peke yake katikati ya nyanda kavu. Kilele kinapita mita 1,700, na mji wenyewe uko kama mita 1,300. Upepo wa kusini-mashariki ukiupanda unapoa na kugeuka ukungu, ndiyo maana sisi tuna msitu na wenzetu wa chini wana mchanga. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, gari linalopanda kutoka upande wa Isiolo asubuhi linafika mjini taa zikiwaka. Ukungu unaweza kuondoka saa nne, unaweza kuondoka saa sita, na ziko siku hauondoki kabisa.

Miezi ya kwanza sikuona tatizo lolote, maana mwezi wa tano ulipita vizuri. Julai friji ikaanza kuzimika alfajiri. Nikamlaumu fundi, nikalaumu friji, nikapanda kufuta paneli ambazo hata vumbi hazikuwa nalo. Mwishowe nikaanza kuandika kwenye daftari la madeni wati-saa ambazo kontrola inaonyesha kila jioni kuwa paneli zimetoa siku hiyo. Februari iliyofuata ilikuwa inasoma 1,600, siku nyingine 1,700, kwa hiyo muuzaji hakunidanganya. Julai ilisoma 700, na siku mbaya haikufika 500.

Zile "saa sita za jua" si saa ambazo unaliona jua. Ni kipimo cha mwanga kamili, wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na ndio mwanga ambao wati 200 zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa nao. Chini ya ukungu paneli haifi, ila inatoa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Ukiambiwa Kenya inapata wastani wa kilowati-saa 4 hadi 6 kwa mita ya mraba kwa siku, uliza huo wastani umechukuliwa wapi na mwezi gani. Friji hainywi wastani, inakunywa kila siku.

Dada yangu yuko Maikona, chini kabisa, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Tulinunua pamoja, vifaa vile vile, duka lile lile. Kwake betri ilikuwa inajaa kabla ya saa sita mchana, mwaka mzima, na akinipigia Julai lazima aulize, "Bado mko gizani huko Ulaya?" Nilimwonea wivu mpaka betri yake ilipokufa miezi mitano kabla ya yangu. Aliiweka ndani ya chumba cha mabati, na betri za aina hii zikipata joto la digrii 10 juu ya 25, umri wake unakaribia kukatika nusu. Hata paneli zake hazikuwa zinatoa wati zote, kwa sababu paneli ikichemka inapoteza kama asilimia 0.4 kwa kila digrii, na pale juu ya paa la Maikona mchana huwezi kuweka kiganja. Halafu vumbi: yeye anafuta kila asubuhi, mimi mvua na ukungu vinanifutia.

Yangu ilikufa Agosti 2023, miaka miwili na miezi minne. Fundi aliipima akasema, "Hii imekufa kwa njaa." Betri ya jeli ndani yake ni ya madini ya risasi, na isiposhiba wiki baada ya wiki inaganda ndani na haishibi tena. Kwa hiyo ndugu wawili, betri mbili za aina moja, moja imeuawa na jua na nyingine imeuawa na kukosa jua, na wote tulikuwa tumeambiwa kaskazini hakuna shida.

Fundi huyu ni kijana wa hapa hapa mjini, na ndiye ninayempa nyota tano. Aliniuzia kidogo kuliko nilivyotaka. Nilitaka betri kubwa zaidi, akakataa: "Mama, sufuria kubwa haileti unga." Akaniongezea paneli mbili ziwe nne, wati 800, kontrola ya ampea 60 ya aina ya MPPT, inayovuna nguvu zaidi kutoka kwenye paneli, na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 tu, ambayo haidhuriki sana ikikaa nusu. Zile paneli mpya hakuzielekeza upande mmoja na za zamani. Alizilaza kuelekea magharibi. Tuko kama digrii 2 tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo kusini au kaskazini si hoja kubwa, ila mji ambao asubuhi yake ni ya ukungu unavuna jioni. Kwenye karatasi ya muuzaji jambo hilo lisingeonekana kamwe. Pia alifunga fremu kwa bolti hadi kwenye mbao za paa badala ya misumari ya mabati, na mtu anayeujua upepo wa hapa ataelewa kwa nini.

Tangu hapo Julai mbili zimepita. Daftari linasoma kati ya 1,000 na 1,400 siku nyingi za ukungu, na friji haijazimika ila mara tatu, zote kwenye siku za mfululizo ambazo hatukuona jua kabisa. Siku kama hizo nazima televisheni na watoto wananuna. Faida moja ya baridi ni kwamba friji yenyewe inafanya kazi kidogo; ya dada yangu haipumziki.

Paneli nazipa nne kwa tano. Betri ya jeli mbili, na kosa lilikuwa letu sote. Lithiamu bado ni mapema kusema. Inveta ile ya kwanza ingali inafanya kazi, ila kelele ya feni yake usiku sijaizoea mpaka leo.