Crown Royal au Mark X: uzoefu wangu na zote mbili kwa wanaotaka kununua

Toyota Crown ya umbo la S180, ile wanayoiita Zero Crown, iliingia sokoni Japani Desemba 2003. Ina urefu wa milimita 4,840. Toyota Mark X ya kwanza, GRX120, ilifuata Novemba 2004 ikiwa na milimita 4,730. Tofauti ni sentimita 11, na wengi hulipia hizo 11 wakiamini wamenunua gari la daraja jingine. Sasa pima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma: zote mbili ni milimita 2,850. Upana umepishana milimita 5 tu. Urefu wa ziada wa Crown uko zaidi kwenye pua na buti kuliko miguuni mwa abiria.

Ninayoandika yanahusu zenye injini ya 2.5, maana ndizo nilizotumia na ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Chini ya boneti ni injini ileile, 4GR-FSE, V6 ya CC 2,499 yenye nguvu za farasi 215. Kwa hiyo ukiniuliza uchukue ipi, sikujibu mpaka nijue hali ya injini ya kila moja. Mark X yenye injini safi ni bora kuliko Crown inayokula oili, hata kama Crown ina viti vya kumfanya mtu asinzie.

Injini hii humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa unagandia pale na kuwa masizi meusi magumu. Mwisho wake gari linatetemeka likiwa sailensa, linamisi asubuhi, na mashine ya fundi inasoma namba za hitilafu ya kumisi, P0300 na ndugu zake hadi P0306. Mafundi wengi wakiona hivyo hubadilisha koili na plagi zote sita, gari linatulia wiki mbili, kisha linarudia. Dawa yenyewe ni kufungua manifoldi ya hewa, kugeuza injini mpaka valvu za silinda husika zifunge, na kusafisha moja moja, ama kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa au kwa kemikali na brashi. Rudishia kwa gasketi mpya. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki kwenye valvu hizi, usipoteze hela.

Tatizo la pili ni zito zaidi: ringi za oili kwenye pistoni hukwama kwa masizi na injini huanza kunywa oili. Hapa ndipo wanunuzi wanaumia, maana muuzaji anajaza oili asubuhi na gari linaonekana zima. Mimi hupima hivi. Gari liwake likiwa la baridi, nisikilize. Likishapata moto, liachwe sailensa dakika 10 bila kuguswa. Halafu mtu mmoja akanyage hadi mshale wa mizunguko ya injini ufike 3,000, mwingine asimame nyuma akiangalia ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka kama wingu, ondoka. Usipoona moshi, zima gari, subiri bomba lipoe, ingiza kidole ndani ya ekzosi. Masizi makavu ya kijivu au meusi ni sawa. Kidole kikitoka na utelezi mweusi unaong'aa, unaokataa kufutika kwa karatasi, hiyo ni oili, na hakuna maelezo ya dalali yatakayoibadilisha.

Usiogope mlio wa tiki-tiki sehemu ya juu ya injini. Pampu ya petroli ya presha kubwa na nozeli zake ndivyo zinavyolia. Mlio wa kuogopa ni mkwaruzo wa sekunde moja au mbili wakati wa kuwasha gari la baridi, unaotoka mbele kwenye mnyororo. Huo ni wa gia za VVT-i, zinazobadilisha wakati wa valvu kufunguka, na kazi yake si ndogo. Ukisikia harufu ya petroli ukifungua boneti, usiendeshe kwenda popote mpaka reli ya mafuta na sensa yake ya presha vikaguliwe.

Wota pampu ichunguze kwa tochi. Ukiona chengachenga za waridi zilizokauka karibu na puli, imeanza kuvuja. Inabadilishika bila kufungua kava ya mnyororo. Kulenti irudi ya waridi ya Toyota, siyo maji ya bomba.

Giaboksi haina kijiti cha kupimia oili, na hili linaua giaboksi nyingi huku kwetu. Mark X inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ina gia 6 na inataka oili ya giaboksi ya Toyota ATF WS, basi. Kwa Crown, fundi atafute kwanza aina ya giaboksi kwa namba ya chesi kabla ya kununua oili. Kiwango cha oili hupimwa gari likiwa limenyooka, injini inawaka, gia zimepitishwa zote kisha kurudi P, na oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45. Ndipo plagi ya kufurika ifunguliwe. Oili ikitoka kwa mkondo mwembamba na kubaki matone, funga. Isipotoka, ongeza. Fundi anayefungua wakati oili imechemka kutoka safarini anamwaga ambayo ilitakiwa kubaki, na baada ya hapo gia zinaanza kuvuta na kugonga. Kumwaga mara moja hakutoi hata nusu ya oili yote, kwa hiyo rudia baada ya siku kadhaa za kuendesha.

Sasa tofauti za kweli. Crown Royal, toleo la starehe, ni laini. Matuta na lami iliyobanduka inavimeza, na kelele za nje zinabaki nje. Paa lake limepanda sentimita 3.5 kuliko la Mark X, na mtu mrefu akikaa nyuma analiona hilo mara moja. Kama gari lako linabeba wazee, au wageni wanaokaa nyuma safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, Crown Royal inastahili. Crown Athlete, toleo la kimichezo, ni habari nyingine: shokapu zake ni ngumu, na rimu za inchi 18 zenye tairi 225/45 hazina huruma kwenye mashimo.

Mark X inashika barabara vizuri zaidi na dereva anaihisi mkononi. Chagua yenye rimu za inchi 16 na tairi 215/60. Bushi za lower arm za mbele zitadumu zaidi, nawe hutakuwa unanyoosha rimu kila baada ya mvua.

Crown ina vifaa vingi vya umeme, na hapo ndipo bili zake zinapotofautiana. Baadhi ya Crown za daraja la juu zina shokapu za AVS zinazotawaliwa na umeme. Angalia kama kuna waya unaoingia juu ya shokapu. Kama upo, uliza bei ya moja kabla hujakubali bei ya gari. Skrini za zote mbili ni za Kijapani, betri ikichomolewa zinaweza kujifunga na kudai diski ya ramani au namba ya siri, na redio inaishia 90 FM.

Taa na vioo vya pembeni vya zote mbili vinapendwa na wezi, kwa hiyo chora namba ya gari kabla hata ya kununua kapeti.

Petroli, mjini kwenye foleni hesabu kilomita 7 hadi 8 kwa lita kwa yoyote kati ya hizi, na barabara kuu 10 hadi 12. Crown inazidi kidogo tu kwa uzito wake.

Ukishanunua, mwaga oili ya injini siku hiyohiyo. Inaingia lita 6.3 pamoja na filta, 5W-30. Andika kilomita kwenye karatasi, na kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa la baridi na limenyooka, vuta kijiti. Likitembea kilomita 1,000 tangu hapo huku limepoteza zaidi ya nusu lita bila kuvuja chini, anza kuweka akiba ya ringi na pistoni, wala usikubali injini ya mtumba kama suluhisho kabla hujaifanyia kipimo kilekile cha kidole.