Matembezi ya Historia Katikati ya Nairobi: Huduma Nzuri Inayoishia Nusu ya Njia

Siku hizi zipo kampuni kadhaa zinazowatembeza watu kwa miguu katikati ya Nairobi na kuwasimulia historia ya mji. Huduma ninayoitathmini hapa inatolewa na kampuni moja ndogo ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa pungufu nitakaloeleza si lake peke yake. Matembezi huchukua asubuhi nzima, yakianzia karibu na stesheni ya reli na kuishia mbele ya Maktaba ya McMillan, na ahadi wanayotoa ni kumweleza mteja kwa nini mji huu umekusanya watu wa rangi, dini na lugha nyingi kiasi hiki. Wengi wetu tukiulizwa hivyo hujibu kwamba Nairobi ni mji mkarimu na kila mja huja kutafuta riziki yake. Kijana aliyetuongoza hakulitumia jibu hilo hata mara moja. Alisema tangu mwanzo kwamba watu waliletwa au walivutwa hapa kwa sababu zinazojulikana, na kwamba kila sababu imeacha alama inayoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Alianza na reli, kama inavyopaswa. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, mahali palipokuwa malisho ya mifugo ya Wamaasai, na kufikia mwaka wa 1905 makao ya utawala wa Waingereza yalikuwa yamehamishwa kutoka Mombasa. Kwa ujenzi wa reli hiyo waliletwa kwa mkataba wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Takriban 2,500 walifia kazini, na waliobaki nchini baada ya mikataba kuisha hawakufika 7,000. Hapo akafafanua jambo ambalo watu wengi hulichanganya: sehemu kubwa ya Wahindi wa Kenya si wajukuu wa vibarua hao, bali wa wafanyabiashara, mafundi na makarani waliojilipia nauli ya jahazi au meli kutoka Gujarat, Kutch na Goa, wakiifuata reli kwa kuwa palipo na stesheni pana mteja. Kwa muda wa dakika chache nililielewa jambo hilo vizuri kuliko nilivyowahi kulisoma popote.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni Biashara Street, ambayo zamani ilikuwa barabara ya soko la Wahindi. Kiongozi alituzuia kutazama vitambaa kwanza, akatuomba tuinue macho juu ya mabango ya maduka. Huko juu bado yapo majengo ya zamani yenye vibaraza vya ghorofani na mapambo ya lipu, na chini yake biashara inaendelea. Tuliingia katika duka moja la leso na vikoi. Mzee mwenye duka alikuwa akizungumza Kigujarati kwenye simu. Akaiweka kando kidogo ili amtajie bei mama mmoja kwa Kiswahili chepesi cha Nairobi, kisha akamwagiza kijana wake wa dukani, kwa maneno machache ya Kikamba, ashushe jora la juu. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa sisi. Kiongozi alitulia, akaacha tusikie, na uamuzi huo wa kunyamaza ulinionyesha kwamba anaijua kazi yake.

Tulipofika Moi Avenue, kwenye msikiti wa Khoja uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na baadaye katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka wa 1925 na 1933, alieleza upande wa pili wa historia hiyo, yaani jinsi sheria na mipango ya mji ilivyowatenga watu hao hao waliokutanishwa na kazi. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa amri ya maofisa, na ugonjwa ukawa hoja ya kudai kwamba kila rangi ikae peke yake. Ripoti ya Profesa Simpson, mtaalamu wa afya ya miji, ya mwaka wa 1913 ilipendekeza utengano huo waziwazi. Ndiyo maana Ngara na Parklands zikawa za Wahindi, milima yenye hewa nzuri ya magharibi ikawa ya Wazungu, na Waafrika wakasukumwa mashariki, wakihesabiwa kuwa vibarua wa kupita na si wenyeji wa mji. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa miaka mingi, na kumalizia matembezi kwenye ngazi zake ni chaguo zuri.

Lakini ni hapo hapo pungufu lilipojitokeza. Mama mmoja wa makamo katika kundi letu, ambaye alikuwa ametusikiliza kwa utulivu tangu stesheni, aliuliza: "Kijana wangu, na sisi wa Pumwani tunaingia wapi?" Kiongozi akamjibu kwa heshima, "Huko leo hatufiki, mama." Jibu lilikuwa la kweli, na lilinisikitisha. Huduma inayoahidi kueleza mchanganyiko wa watu wa Nairobi haiwezi kukomea upande huu wa River Road, kwa sababu mchanganyiko mkubwa kuliko wote ulitokea ng'ambo ya hapo, na haukuwahusu Wahindi na Wazungu peke yao.

Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Pangani ya zamani, iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, ndizo zilizowapokea wapagazi wa misafara, Waislamu wa pwani na wa Tanganyika, Wakikuyu, Wakamba na wanawake waliojijengea nyumba zao wenyewe. Huko ndiko Kiswahili kilikokuwa lugha ya mlangoni na kisimani. Kibra waliwekwa Wanubi, askari wenye asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la Waingereza, na jamii yao ilisubiri hadi mwaka wa 2017 kupewa hati ya ekari 288 za ardhi waliyoishi kwa zaidi ya karne moja. Kisha upo mwaka wa 1954, ambao hakuna maelezo ya wakazi wa mji huu yanayoweza kuuruka: katika Operesheni Anvil, msako wa jeshi la Waingereza dhidi ya Mau Mau, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu na kuondolewa Nairobi, na kazi zao nyingi zikachukuliwa na Waluo, Waluhya na Wakamba. Sura ya mitaa ya Eastlands ilibadilika kwa amri ya kijeshi. Na katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, mwana wa Punjab na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili mbele ya umati. Kama ningechaguliwa kupanga njia hii, ningepunguza muda wa sokoni na kuwafikisha watu kwenye ukumbi huo.

Kuhusu wakati wa karibu, maelezo yalikuwa mafupi mno. Eastleigh ilitajwa kwa sentensi moja, ingawa ndiyo inayoonyesha kwamba jambo hili halijakwisha: dola ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, wakimbizi wenye ujuzi wa biashara waligeuza vyumba vya kulala wageni, Garissa Lodge ikiwa ya kwanza kutajwa, kuwa maduka, na leo wateja huja kutoka nchi jirani. Gigiri nayo, pamoja na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizoanza kuletwa hapa miaka ya 1970, haikutajwa kabisa.

Mengine ni madogo. Kundi letu lilikuwa kubwa kwa kelele za Tom Mboya Street, hivyo waliokuwa nyuma hawakusikia kila kitu. Kipaza sauti kidogo cha kuning'iniza shingoni kingetosha. Mapumziko ya chai na sambusa yalikuwa ya wakati mzuri, na bei kwa wakazi ni ya haki. Mwendo ni wa taratibu, na wazee hawakuachwa nyuma.

Nimewaandikia wenye huduma nikiwaomba waweke siku ya pili ya matembezi, itakayoanzia soko la Gikomba, ipite Pumwani na Kaloleni na kuishia Eastleigh, na iongozwe na mtu aliyezaliwa huko. Ambaye hajafanya hata nusu hii ya kwanza ningemshauri aende, awe mgeni au mzaliwa wa mji, akae karibu na kiongozi, na amuulize swali la yule mama.