Petroli ya kawaida au ya oktani ya juu kwa SUV yenye turbo: uzoefu wangu

SUV ninayoendesha ni Mazda CX-5 ya lita 2.5 yenye turbo. Kwa mizunguko ya kila siku naijaza oktani 91, na ikiwa na mzigo, milima mirefu au joto kali naijaza 95 au zaidi. Kama injini yako haina turbo na kitabu cha gari kinasema 91 inatosha, bakia hapo hapo; hela ya ziada itafaa zaidi kwenye oili nzuri na plagi.

Oktani haipimi nguvu iliyomo ndani ya petroli. Inapima jinsi mafuta yanavyovumilia mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Yakijiwasha, presha ndani ya silinda hupanda ghafla na injini inagonga: mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, hasa unapokanyaga mafuta mlimani gari likiwa kwenye gia kubwa na mzunguko wa injini uko chini. Injini za sasa zina sensa iliyofungwa kwenye bloku inayosikia mtikisiko huo, na kompyuta huchelewesha moto wa plagi mara moja. Injini inanusurika, lakini gari halivuti, na joto jingi linatokea kwenye ekzosi badala ya kusukuma pistoni.

Turbo husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, mgandamizo na joto vikapanda; ndiyo maana injini yenye turbo inanufaika. Kwa CX-5 hii ya mwaka 2019, takwimu za kiwanda nchini Marekani ni nguvu farasi 250 kwa petroli ya 93 na 227 kwa 87. Angalieni namba hizo vizuri, maana Marekani wanapima kwa njia nyingine: 87 yao ni karibu 91 ya kwingineko, na 93 yao ni karibu 98. Wengi wanasoma maelezo ya Marekani kisha wanadhani 91 ya pampu yao ni petroli ya daraja la juu. Na kwenye kitabu cha gari tofautisheni "inashauriwa" na "inatakiwa". La kwanza ni hiari yako, la pili ni sharti.

Kujua kama injini yako inanufaika, usitegemee hisia za mguu. Chomeka kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) chini ya dashibodi, kiunganishe na simu, kisha tazama namba ya digrii za kuwasha plagi, yaani moto wa plagi unawahi kiasi gani. Panda mlima uleule, gia ileile, mwendo uleule, injini ikiwa imeshapata moto. Petroli ikichanganyika hupati jibu: nusu tangi ya 91 ukiongeza nusu ya 95 unapata karibu 93. Shusha tangi hadi karibu na akiba, jaza, tembea sehemu kubwa ya tangi hilo kompyuta izoee, ndipo upime. Digrii zikibaki zilezile kwa petroli zote mbili, petroli ghali haikupi kitu.

Ulaji wa mafuta pimeni kwa kujaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, pampu ileile kila mara. Lita ulizoongeza gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Tangi moja halitoshi, kwa sababu upepo wa njiani na presha ya matairi vinaweza kufunika tofauti yote.

Oktani ya juu si dawa ya injini mbovu. Ikigonga hata kwa petroli sahihi, tafuta masizi kwenye vichwa vya pistoni, plagi zisizo za injini hiyo, au mfumo wa kupoza unaoshindwa kazi. Wala oktani yenyewe haisafishi. Kinachosafisha ni kemikali nyingine zinazoongezwa, na kwenye injini inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hata hizo hazifiki kwenye vali za kuingiza hewa. Kwa injini kama hiyo yenye turbo, oili ya daraja la API SP (alama ya ubora inayoandikwa kwenye kopo la oili) ina kazi yake pia: inapunguza mafuta kujiwasha mapema kwenye mzunguko mdogo.

Ukikwama mahali ambapo 95 haipo na gari lako linaitaka, weka petroli iliyopo, kiasi cha kukufikisha tu. Usikanyage mafuta hadi chini, shusha gia mapema mlimani, na ukifika penye 95 jaza juu yake.