Mpini wa mpira kwenye rivolva ya .357: uzoefu wangu

Nanunua mahindi Kibaigwa na Kongwa, na kwa sababu ya fedha ninazotembea nazo niliomba leseni ya bastola, nikapata. Yangu ni Smith & Wesson 686, rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka), mtutu wa inchi 4, risasi 6. Ni silaha imara na naipenda. Ila ilinijia na mpini wa mbao uliong'arishwa vizuri, na mpini huo ndio ulionitesa.

Wengi hudhani tatizo ni ugumu wa mbao. Kwangu lilikuwa ile nafasi iliyobaki wazi nyuma ya kikingio cha triga, ile pete ya chuma inayoizunguka triga. Kila nikifyatua .357 Magnum, risasi yake kali, bastola inaruka juu, chuma kinagonga kiungo cha kidole cha kati. Risasi kumi na mbili tu, kidole kimevimba. Baya zaidi, nilianza kufumba macho kabla ya mlio. Na jua la Oktoba hapa Dodoma likishakutoa jasho, mbao ile inateleza mkononi kama kambare wa Mtera.

Kwanza nilinunua mpini mnene wa mpira laini, unaofunika hadi chuma cha nyuma ya mshiko. Kiganja kilipumzika kweli. Lakini mkono wangu ni mdogo, na unene ule ulisogeza triga mbali. Nikawa naivuta kwa ncha ya kidole, risasi zote zinaangukia kushoto mwa shabaha. Niliuvua baada ya wiki mbili.

Wa pili ni wa kampuni ya Hogue, kipande kimoja cha mpira chenye mikunjo ya vidole, unaovishwa kwa chini na kufungwa kwa skrubu moja. Huu umejaza ile nafasi nyuma ya kikingio, kidole cha kati hakigongwi tena. Chuma cha nyuma umekiacha wazi, kwa hiyo kati ya kidole gumba na cha shahada bado nalisikia teke la bastola inaporudi nyuma. Naweza kuvumilia hilo, kwa sababu sasa triga inakaa palepale kidole kinapoifikia. Nguvu ya risasi haijapungua hata chembe. Mpira unaitawanya tu kiganja kizima badala ya kuiacha itue sehemu moja. Nashika juu kabisa kadiri mkono unavyoweza kufika, na mtutu hauruki kama zamani.

Kasoro ipo: mpira unang'ang'ania shati ukiivaa bastola ndani ya nguo, na vumbi letu linaganda humo. Nafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo.

Kabla hujalipa, angalia kama kitako cha fremu yako (mwisho wa chini wa chuma cha mshiko) ni cha mviringo au cha mraba. Shemeji yangu aliagiza bila kuangalia, mpini haukuingia. Na mazoezi mengi fanya kwa .38 Special, risasi dhaifu zaidi, bastola ya .357 inazipiga bila shida, teke lake ni dogo mno.

Siku ya kubadilisha, fungua silinda, toa risasi zote sita, zihesabu, ziweke chumba kingine, ndipo ushike bisibisi. Skrubu ile ya chini nayo huwa inalegea. Mimi naikagua kila nikitoka kulenga shabaha, nakaza kwa nguvu ya vidole viwili, basi.