Seti ya kusafishia shotigani nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Naizungumzia shotigani namba 12 (namba ni kipimo cha upana wa mtutu), ya mtutu mmoja au miwili, ambayo mkulima wa Mpwapwa au Kondoa anaimiliki kwa leseni kulinda shamba lake. Mwenye raifo vipimo vyake ni vingine, ila mengi ya haya yanamhusu pia.

Baba mdogo, aliyeko Mpwapwa, alinipa yake niitazame. Skrubu iliyo chini, karibu na kifyatulio, mfereji wake ulikuwa umelika kingo zote mbili, bisibisi haishiki tena. Aliikaza kwa bisibisi ya kawaida, ile ya kufungulia soketi za umeme. Ncha ya bisibisi hiyo imechongwa kama kabari, nene juu na nyembamba chini, hivyo inagusa kingo za juu tu za mfereji. Ukitia nguvu inapanda na kuzitafuna. Bisibisi ya bunduki ncha yake ni bapa na unene wake ni mmoja, inaujaza mfereji mpaka chini. Tangu siku ile nikiulizwa kuhusu seti, kitu cha kwanza ninachokitazama ni bisibisi, halafu ufito, yaani fimbo ndefu ya kupitishia brashi na kitambaa mtutuni. Idadi ya vipande hainishughulishi.

Ya kwanza: seti ya bunduki ya namba moja tu. Ufito, brashi ya shaba, kichwa cha kushikia kitambaa, vitambaa, dawa ya kuondoa masizi ya baruti na chupa ndogo ya mafuta, vyote kwa ajili ya namba 12 tu. Kipenyo cha mtutu wa namba 12 ni kama milimita 18.5, na brashi inatakiwa iingie kwa kubana kidogo. Ikiingia bila kugusa, haisafishi kitu. Ufito chagua wa mbao au wa shaba. Wa alumini ni laini, chembe za mchanga zinajikita ndani yake, na kwa mchanga wetu huu utakuwa unausugua mtutu kwa msasa. Brashi ya chuma cha pua usiinunue kabisa.

Faida ya seti hii utaiona kwenye kitambaa. Cha kwanza kinatoka cheusi tii, cha pili kijivu, wakati mwingine kina vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu: hiyo ni plastiki ya ndani ya risasi iliyoyeyuka na kuganda mtutuni. Hapo rudia brashi na dawa. Kikitoka na wekundu wa matofali, ni kutu, na ukiendelea kuuona hata baada ya kurudia, mpelekee fundi mwenye leseni.

Ya pili: kujikusanyia mwenyewe. Mswaki wa zamani, fulana ya pamba iliyokatwa vipande na nyundo ndogo ya plastiki unavipata popote, masoko ya Majengo hata Sabasaba hapa Dodoma. Brashi ya mtutu, dawa na bisibisi za bunduki vinunue vya kazi hiyo hiyo. Petroli usiitumie: inawaka upesi, na mvuke wake unasambaa hadi kwenye jiko la mkaa la jirani.

Ya tatu: kamba ya kuvuta. Ni kamba nene yenye brashi katikati, unaipitisha kutoka nyuma kwenye chemba, pale risasi inapokaa, na kuivuta itokee mdomo wa mtutu. Safarini inafaa sana. Nyumbani isiwe peke yake, maana uchafu wa jana unabaki kwenye kamba na leo unaurudisha ndani, labda uwe unaifua kila mara.

Ya mwisho: lile sanduku kubwa. Lina brashi za kila namba, na wewe una bunduki moja. Vipande vya ufito wake huunganishwa kwa nyuzi nyembamba za skrubu ambazo hulegea katikati ya mtutu. Liache.

Mafuta nayaweka peke yake kwa sababu ya Dodoma. Upepo wa Juni hadi Oktoba unapenyeza vumbi hata ndani ya kabati, na vumbi likikutana na mafuta mengi linakuwa tope linalosaga chuma. Tia matone machache, kisha futa mpaka uone mng'ao bila kulowa kidole.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, toa risasi, zipeleke chumba kingine, kisha chungulia chemba na upitishe kidole humo. Rudia tena. Watoto wasiwepo, dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, maana masizi yale yana madini ya risasi ambayo ni sumu.

Na mvua za Desemba zikikaribia, itoe bunduki kwenye mfuko wa ngozi kabla ya kuifungia kabatini. Ngozi hunyonya unyevu, na kutu huanzia pale pale ilipogusana na chuma.