Pedi au puti ya joto unapobadilisha kipoza cha kadi ya grafiki

Pesti ya joto, ile krimu inayopakwa juu ya chipu kuu, haisumbui sana. Kazi iko kwenye chipu za kumbukumbu: ili joto lake lifike kwenye kipoza, unachagua pedi (kipande bapa laini) au puti (kitu laini kama udongo wa kufinyanga).

Pedi ni safi na hubanduka kirahisi, ila lazima ujue unene wake: milimita 0.5, 1, 1.5 au 2, na kadi moja huweza kuchanganya. Pima za zamani kwa kalipa, kwenye kingo ambazo hazikubanwa. Ukizidisha nusu milimita tu, kipoza hakikai sawasawa juu ya chipu kuu, na joto lake hupaa mara tu mchezo unapoanza. Ukipunguza, kumbukumbu haiguswi kabisa. Ile ya aina ya GDDR6X kwenye kadi ya RTX 3090 hujipunguzia kasi ikikaribia nyuzi 110.

Puti hujaza nafasi yoyote iliyopo. Weka kibonge kidogo juu ya kila chipu, kisha kaza skrubu nne za katikati kwa mshazari, kidogo kidogo. Ubaya wake ni usafishaji: hung'ang'ania kati ya vijenzi vidogo, nawe utahitaji brashi laini na alkoholi ya isopropili.

Kama hujui vipimo vya kadi yako, chukua puti. Kwa vyovyote, usivute kipoza kwa nguvu kabla ya kuchomoa waya za feni. Soketi zake hung'oka.